Sakafu ya Nyumba ya Hirji

Siku Busia ilipomwona Mhindi akiokota mavi ya ng'ombe barabarani, soko zima lilisimama. Ulikuwa mwaka wa 1926, na mji wenyewe ulikuwa maduka manne ya mabati, soko la Jumamosi, na njia ya vumbi iliyoshuka kuelekea upande wa Kenya. Watu walikuwa hawajaona mambo mengi. Mhindi huyo alikuwa mwanamke, tena kijana, sari yake ya kijani ameichomeka kiunoni, ndoo mkononi, akiwafuata nyuma maksai wa Emojong waliokuwa wakivuta gari la pamba. Maksai akitoa, yeye anainama. Emojong mwenyewe, Mteso mwenye heshima zake, alikaza macho mbele kama mtu asiyejua kinachotokea nyuma yake.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wako waliosema jua limempanda kichwani, na wako waliosema Wahindi wana dawa yao wanayoitengeneza kwa mavi, ndiyo maana hawaishiwi chumvi dukani.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo ni Taaka, mke wa Egesa, Msamia wa njia ya kwenda Masafu, aliyekuwa amekuja kuuza samli. Taaka alichungulia ndani ya ndoo, akasonya. Hakusonya kwa sababu ya mavi, maana hayo ndiyo yaliyompa jina. Alisonya kwa sababu yalikuwa majimaji, ya ng'ombe waliokula majani ya masika, na mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri anajua kwamba hayo hayashiki.

Kwao Taaka, nyumba haikuisha kwa kuezekwa. Iliisha siku mwanamke alipopiga magoti ndani yake, akachanganya samadi, udongo wa kichuguu na majivu, akaisiriba sakafu kwa kiganja, akirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka ardhi yote ikawa na mistari ya nusu mviringo iliyopandana. Kila mwanamke ana mistari yake. Ya Taaka ilikuwa mipana, yote imelala upande mmoja bila kukosea, na sakafu yake haikupasuka hata katika kiangazi cha Januari. Kutoka Buteba hadi Masafu, mwenye harusi au mgeni mkubwa alimtafuta Taaka kwanza, ndipo akamtafuta mpishi. Naye alikuwa na majivuno yake kidogo. Ukimsifu mwanamke mwingine mbele yake kwa kazi hiyo, angekuuliza kama macho yanakuuma.

Basi akamfuata yule Mhindi mpaka nyumbani kwake.

Nyumba ilikuwa mpya, udongo wa kuta haujakauka sawasawa. Mwenyewe aliitwa Hirji. Alikuwa ametoka Kathiawar, Bara Hindi, na sanduku la bati na kaka yake mmoja, Damji. Meli iliwaleta Mombasa, treni ikawafikisha Kisumu, na kutoka Kisumu walikuja kwa gari la ng'ombe, wakila vumbi. Damji alivutiwa na Tororo, akafungua duka huko chini ya mwamba. Hirji aliipenda Busia, kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzielewa. Akajenga kwa miti na udongo, akaezeka kwa mabati: mbele duka na baraza, nyuma vyumba vitatu na ua. Kisha akaandika barua kwao aletewe mke wake, Mongi. Mafundi walizipiga kuta vizuri, lakini walikuwa wanaume. Sakafu waliiacha vumbi tupu.

Mongi alikuwa amepiga magoti katika vumbi hilo Taaka alipoingia. Kile kitope chake kilikuwa kinamtiririka kwenye vidole.

"Hapana, hapana," Taaka akasema, akaiondoa ndoo bila kuomba ruhusa. "Hii mavi iko maji sana. Ngoja kesho mimi nakuletea ya ndama."

Mongi hakuelewa hata neno moja. Lakini alielewa mikono, na mikono ya Taaka ilikuwa inasema jambo alilolijua tangu utotoni.

Kesho yake Taaka alikuja na kikapu cha samadi ya ndama na kingine cha udongo wa kichuguu. Wakachanganya, wakaanza chumba cha kati, Taaka kutoka ukuta wa mbele, Mongi kutoka ukuta wa nyuma. Taaka alikuwa tayari kumfundisha mgeni. Alipogeuza shingo akakuta hakuna wa kufundishwa: mkono wa Mongi ulikuwa unakwenda vilevile, kiganja chini, nusu mviringo, kurudi nyuma.

"Nani nakufundisha?" akauliza, akionyesha mkono.

Mongi alielekeza kidole mashariki, mbali, halafu akakunja mikono kama anayebeba mtoto. Taaka akaelewa kwamba ni mama yake. Naye pia alifundishwa na mama yake, kwa viboko viwili vitatu.

Hapo ndipo walipofanya kosa ambalo wangeweza kulifanya mafundi wawili hodari tu. Kila mmoja alikuwa anataka kumwonyesha mwenzake, kila mmoja macho yako kwenye mistari yake, kila mmoja anarudi nyuma. Wakarudi, wakarudi, mpaka makalio yao yakagongana katikati ya chumba. Walipogeuka walikuta wamejifungia. Kulia sakafu mbichi, kushoto sakafu mbichi, mlango wa duka mbali, mlango wa uani mbali, na wao wawili wamebaki juu ya kipande cha vumbi kisichozidi mkeka mmoja.

Mtu mwingine angekanyaga akapita. Wao hawakuweza. Kuikanyaga sakafu mbichi iliyosiribwa hivyo ilikuwa sawa na kumkanyaga mtoto. Wakakaa chini, wakatazamana, Mongi akaanza kucheka, Taaka akafuata, wakacheka mpaka machozi. Hirji alikuja kutafuta chakula chake cha mchana akawakuta wamekaa kisiwani. Alisimama mlangoni, akakuna kichwa, akaenda dukani akarudi na njugu, akawarushia. Walikaa pale mpaka alasiri, wakifundishana majina ya vitu kwa kuonyesha vidole, na sakafu ilipokauka walikuwa wameshakuwa marafiki.

Tangu siku hiyo nyumba ya Hirji ilikuwa na Jumamosi yake. Taaka alifika asubuhi na vikapu viwili, akasiriba, akanywa chai ya maziwa yenye tangawizi, akaondoka jua likiwa limeinama. Mongi alijifunza Kiswahili kwa Taaka, ndiyo maana Kiswahili chake kilikuwa cha Kisamia kilichopitia Kathiawar. Mansukh, mtoto wa Hirji na Mongi, alizaliwa katika nyumba hiyo, akajifunza kutambaa juu ya mistari ya Taaka. Okochi, mtoto wa Taaka, alikuwa anamvuta miguu.

Jambo moja tu hawakupatana, nalo ni mlenda. Taaka alikuwa haoni raha ya chakula bila mlenda, ule unaovutika kutoka sahani hadi mdomoni. Mongi aliutazama mara moja tu akafunika pua.

"Mama Okochi, hii mboga iko kamasi ya mtoto!"

"Na wewe hiyo bamia yako iko nini? Si kamasi?"

"Bamia mimi nakaanga mpaka nakauka! Kamasi nakwisha!"

"Basi nakaanga mpaka mboga nakufa. Nyinyi hamupendi kula kitu iko na maisha."

Mzozo huo waliuendesha miaka mingi kwa furaha kubwa. Mongi alipanda bamia zake uani, kando ya chungu cha mrehani aliouabudu kila asubuhi kwa taa na maji, na kila Taaka alipopita alizisalimu bamia kwa pole, kama wafiwa.

Mwaka wa 1931 Hirji alishikwa na homa ya mkojo mweusi. Homa hiyo haikuwa na mchezo. Siku ya nne alikata kauli. Damji akaja kutoka Tororo kwa baiskeli, akamtazama ndugu yake, akamwambia Mongi maneno machache kwa Kigujarati, na Mongi akatuma Taaka aitwe.

"Mama Okochi, paka chini. Upesi."

"Leo si Jumamosi. Na muzee nasemaje? Nasikia ana homa."

"Nalala," Mongi akajibu, akageuza uso.

Taaka alidhani homa imeshapoa na mgeni mkubwa anatarajiwa. Akasiriba chumba cha kati vizuri kuliko siku zote, hata akaimba kidogo ili kuichangamsha nyumba. Alipomaliza akaenda uani kunawa.

Aliporudi alikuta wamemtoa Hirji kitandani. Walikuwa wamemlaza pale chini, juu ya sakafu mbichi, shuka moja nyembamba mgongoni, kichwa kikiwa kimeelekezwa kaskazini. Jani la mrehani lilikuwa mdomoni mwake, na Damji alikuwa anafungua kikopo cha shaba chenye maji ya mto mtakatifu wa kwao.

Roho ya Taaka iliruka. Kwake, sakafu ilisiribwa kwa ajili ya bibi harusi, mgeni, mtoto mchanga. Nyumba yenye mgonjwa haikuguswa kabisa, maana mama yake alimfundisha kwamba ukisiriba mbele ya mgonjwa umemwonyesha njia ya kutokea. Na yeye alikuwa ameisiriba akiimba!

"Nyinyi naua hii mutu!" akapiga kelele. "Mutu ya homa nalala kwa maji?"

Kabla Damji hajafunga kinywa, Taaka alikuwa ameshaingiza mikono chini ya mgonjwa. Alikuwa mwanamke wa kubeba gunia la mtama, na Hirji alikuwa amebaki mifupa. Akamnyanyua, akamrudisha kwenye kitanda cha kamba, akamfunika mablanketi mawili, akaketi ukingoni kulinda. Damji alimfokea kwa Kigujarati, Taaka akamjibu kwa Kisamia, na ni heri hakuna aliyewatafsiria.

Jioni ile ile Hirji alitoka jasho likalowesha blanketi. Kisha akafungua macho, akatema jani, akaomba chai. Daktari angekuwepo angesema homa ilikuwa imefika mwisho wake yenyewe. Lakini daktari hakuwepo, na Hirji alikuwa na maelezo yake, aliyompa kila mteja kwa muda wa miaka kumi na saba: "Mimi nimeshaondoka kabisa! Huyu mama narudisha mimi kama mzigo nasahauliwa stesheni!"

Damji hakucheka. Kwao mtu aliyekwisha kulazwa chini kwa kufa hainuliwi, na mpaka mwisho hakuwa na hakika ndugu yake sasa amehesabiwa upande gani. Kila alipokuja Busia, alimtazama Taaka mikono kwanza, ndipo akamsalimu.

Wiki mbili baadaye, wakichambua choroko uani, Mongi alimweleza.

"Sikia, Mama Okochi. Ile haikuwa kuua. Mutu natoka kwa ardhi, narudi kwa ardhi. Kitanda iko juu, roho napotea hapo katikati, haiko chini haiko mbinguni. Lakini chini, kwa mavi ya ng'ombe, iko safi, iko kama mama. Hapo roho najua njia."

"Sisi hatupaki kwa mugonjwa."

"Najua. Lakini mimi siku yangu ikifika, veve paka. Pale katikati, pahali tulikaa siku ya njugu. Si mutu mwingine, veve. Na veve hapana nyanyua mimi. Sema ndiyo."

Taaka alisimama, akakung'uta khanga, akasema amekumbuka kwamba ndama wake amefunguka nyumbani. Akaondoka.

Mongi hakusahau. Alikuwa mbali na kwao kiasi cha kutoweza hata kuota kurudi. Wazazi walikufa akapata barua tu, na nyumba aliyozaliwa iliuzwa. Kitu kimoja alichotaka kutoka katika ulimwengu ule wa zamani ni hicho, kipande cha sakafu chenye urefu wake. Baada ya kila mwaka mmoja au miwili aliuliza tena, na kila alipouliza ndama wa Taaka alikuwa amefunguka. Hakuna Msamia aliyewahi kuwa na ndama wakorofi kiasi hicho.

Mwaka wa 1948 Hirji alikwenda Kampala kwa mambo ya duka. Wakati wa kurudi moyo wake ulisimama ndani ya treni, ikiwa inakaribia Tororo. Damji na watu wa stesheni walimleta Busia kwa lori. Mongi aliwapokea mlangoni bila kulia.

"Nakufa pahali gani?" akauliza.

"Kwenye benchi ya treni, mama," akajibiwa.

"Juu?"

"Juu."

Mongi akawapisha waingie. Taaka alikuwa amesimama nyuma yake na akayasikia yote. Damji alimtazama mikono tu, na kwa mara ya kwanza Taaka aliificha ndani ya khanga.

Mawazo hayo yalimla. Mara moja tu katika maisha yake Hirji alipewa ardhi ya kufia, naye Taaka akamnyang'anya. Ni kweli kwamba alimnunulia miaka kumi na saba, na katika miaka hiyo Hirji alimwona Mansukh akiota ndevu. Ingerudi siku ile, Taaka angemnyanyua tena. Lakini aliupenda uso wa Mongi, na kila alipoukumbuka ukiuliza lile neno, "Juu?", alishindwa kula.

Matanga yalipokwisha akaenda. Mongi alikuwa uani, amevaa nyeupe, anamwagilia mrehani.

"Ndiyo," Taaka akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ile uliuliza. Nitapaka. Na sitakunyanyua."

Mongi aliweka kopo chini. "Na ndama?"

"Ndama nafungwa," Taaka akasema, na wote wawili wakalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Sasa ingekuwa hadithi fupi kama dunia ingetulia. Lakini Tororo walifungua kiwanda cha saruji, na mwaka wa 1954 malori yakaanza kushusha mifuko ya kijivu mpaka Busia. Mansukh alikuwa na miaka ishirini na sita, amesoma, ana kalamu mbili mfukoni. Alimpenda mama yake, na kumpenda kwake kulikuwa kutaka akae mahali panapong'aa. Taaka alifika Jumamosi moja na vikapu vyake akakuta mafundi wamepiga magoti chumba cha kati, na kule kwingine kote sakafu ni saruji iliyotiwa rangi nyekundu, laini, unaweza kujiona uso.

"Mama Okochi, sasa utapumzika!" Mansukh akamwambia, amejaa furaha. "Umeumia magoti miaka mingi kwa ajili yetu."

Taaka alijibu kwamba ni nzuri sana. Akageuka na vikapu vyake, akatembea mpaka nyumbani, akalisiriba banda la kuku mara mbili. Hakurudi nyumba ya Hirji miezi mitatu. Watu walipomuuliza, aliwaambia magoti yanamuuma, na kwa kweli kilichokuwa kinamuuma hakikuwa karibu na magoti.

Mongi ndiye aliyekwenda. Hakuwahi kufika kwa Taaka katika miaka yote ile. Wahindi wa dukani hawakuwa na mazoea ya kutembelea, na hilo nalo lilikuwa limemkera Taaka kimyakimya. Siku hiyo alitokea kwenye njia ya mihogo kwa viatu vya turubai na mwavuli, amechoka, amepotea mara mbili. Taaka alimtandikia ngozi ya mbuzi, akakumbuka kwamba Mongi hagusi kitu cha mnyama aliyechinjwa, akaiondoa akaweka mkeka.

"Mtoto nataka sakafu nang'aa," Mongi akasema, akihema. "Nimekataa mwaka mzima. Nimechoka kukataa. Veve nakasirika?"

"Mimi iko kazi gani sasa kwa ile nyumba?"

"Kunywa chai." Mongi akafuta jasho. "Na neno lako. Neno lako iko bado, ama saruji namaliza?"

"Saruji hainywi maji, Mongi. Mavi haiwezi kushika. Napaka asubuhi, mchana nabanduka."

"Hiyo kazi yako," Mongi akasema. "Mimi kazi yangu kufa tu."

Taaka alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine zote. Alikaa uani, akanywa chai, akazisalimu bamia kwa pole. Uani kando ya mrehani palibaki kipande cha udongo, na hapo alisiriba kidogo, mkono usisahau. Wakati mwingine alipopita chumba cha kati alikanyaga ile saruji kwa kisigino, taratibu, akiipima. Hakupata jibu.

Miaka sita ikapita. Mwaka wa 1960, mwezi wa Agosti, tumbo la Mongi lilianza kuvimba, na mwezi wa Oktoba alikuwa hali kitu. Daktari alikuja mara mbili kwa gari, mara ya pili hakufungua mkoba. Siku ya Alhamisi asubuhi Mansukh mwenyewe alikwenda kumchukua Taaka. Taaka alikuja na vikapu vyake viwili, pamoja na mkwe wake Specioza aliyembebea chakula cha mchana.

Alichanganya kama alivyochanganya maisha yake yote, akapiga magoti katikati ya chumba cha kati, akasiriba kipande cha urefu wa mtu. Kilikuwa kizuri. Kabla ya saa sita kingo zilijikunja, na alipogusa kwa kidole, kipande kizima kiliinuka kama ganda la ndizi. Akafanya mara ya pili, akaongeza majivu. Ikabanduka tena.

Mansukh aliinama akamshika bega. "Mama, saruji haishiki. Umejitahidi. Tutamtandikia mkeka, tunyunyize samadi kidogo juu. Mungu anaelewa."

"Mungu naelewa," Taaka akasema. "Mongi je?"

Damji, mzee sasa, amekula chumvi nyingi, alikuwa amekaa kitini na kikopo chake cha shaba magotini. "Na huyu mama atoke," akasema. "Mimi najua yeye. Atanyanyua tena."

Taaka alitoka uani na mikono imejaa matope, akasimama kati ya miche ya bamia akilia kwa hasira. Alikuwa na sifa kutoka Buteba hadi Masafu, na sifa zote hizo hazikutosha mkeka mmoja. Bila kufikiri akavunja bamia moja. Ute ukavutika katikati ya vidole vyake, mrefu, haukatiki, ukashika matope ya mkononi yakawa hayatoki. Akautazama. Kisha akatazama chungu cha Specioza kilichokuwa kivulini, na mlenda wa mchana ndani yake.

"Specioza! Lete kinu!"

Bamia za Mongi na mlenda wa Taaka vikapondwa katika kinu kimoja. Ute ukachanganywa na samadi ya ndama mpaka ukawa mzito. Taaka alirudi ndani, akachukua kigae cha chungu, akaanza kuikwaruza ile saruji nyekundu ili ipate meno ya kushika. Sauti ya mkwaruzo iliwauma wote. Mansukh alitazama sakafu yake inavyochanika, akafumba macho. Halafu akatoa kalamu mfukoni, akaziweka dirishani, akatafuta kigae chake, akapiga magoti upande wa pili.

"Wewe ulijifunza kutambaa hapa," Taaka akamwambia.

"Najua, Mama."

Wakakwaruza pamoja. Kisha Taaka akasiriba, mstari kwa mstari, akirudi nyuma, akiisukuma chini kwa uzito wake wote. Wakaacha mlango wazi. Upepo wa alasiri ukapita. Taaka alikaa mlangoni akiitazama kama anayetazama maziwa motoni. Kingo hazikujikunja. Alipogusa kwa kidole, ilikuwa imeshika.

Wakamteremsha Mongi, Mansukh kichwani, Taaka miguuni. Hakuwa na uzito wowote. Damji akamwekea jani la mrehani, akamtilia matone ya maji ya kikopo. Mkono wa Mongi ulitelemka kutoka kwenye shuka, ukaanza kupapasa sakafu, ukafuata mstari mmoja, halafu mwingine.

"Nashika?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nashika," Taaka akamwambia. "Ni bamia yako. Na mlenda wangu."

Uso wa Mongi ulikunjika. Ilichukua muda kujua kwamba anacheka. "Kamasi," akasema.

Baadaye pumzi ikawa ngumu. Alikuwa anatetemeka kidogo, kama mtu mwenye baridi, na kila pumzi ilikuja na mlio. Taaka aliyajua magonjwa ya kila namna na mikono yake ilijua la kufanya: kuingia chini ya mgongo ule, kumwinua, kumrudisha kwenye kitanda chenye blanketi. Mikono ilikuwa imeshaanza kusogea. Damji aliitazama. Mansukh naye aliitazama.

Taaka akaiingiza mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia. Mongi akageuza macho akamwona amekaa hivyo, na akayaacha macho yake pale. Taaka hakuitoa mikono mpaka mwenzake alipomaliza pumzi zake.